Kuku wa Mkata na Siku Zake



Wazee wetu wa pwani wana msemo: kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Tumeusikia tangu utotoni, tukauhesabu katika maneno ya kuchekesha. Miezi hii michache tumeuona ukimliza mtu, na tangu hapo hatuucheki tena. Leo twapenda kuwahadithia habari hiyo, kisha tueleze kwa nini tembe huchelewa kutaga, kwani maswali ya namna hii yametufikia pia kutoka Mombasa, Malindi na Lamu.

Yupo mama mmoja, jirani yetu katika ploti za nyuma ya soko la Gikomba, upande unaopakana na Majengo ya Pumwani. Mumewe alikuwa mchukuzi wa marobota ya mitumba; alifariki mwaka jana, akamwachia watoto wanne. Eda ilipokwisha, kina mama wa darsa yetu ya Alhamisi walikusanya sadaka ya kumwanzishia riziki, na sisi tukaombwa shauri. Shauri letu lilikuwa kwamba asinunuliwe cherehani, kwa kuwa mafundi wa cherehani hapa Gikomba ni wengi kuliko nguo. Tukasema anunuliwe kuku. Basi wakanunuliwa tembe kumi wa kienyeji walioboreshwa, ambao muuzaji alituapia kuwa wametimiza miezi mitano na kwamba wataanza kutaga kabla ya mwezi kuandama.

Mwezi ukaandama, ukaisha, ukaandama mwingine. Hapakuwa na yai hata moja.

Laiti jambo lingeishia hapo. Lakini mama huyu, kwa furaha ya kupewa, alikwisha kupokea fedha za trei tatu za mayai kutoka kwa bibi mmoja apikaye mahamri na mkate wa mayai. Bibi akawa aja kila asubuhi kuuliza. Baadhi ya waliochanga nao wakaanza kunong'ona kuwa mayai yapo, ila huuzwa kwa siri sokoni alfajiri. Kisha likazuka la tatu, lililo baya kuliko yote: jirani aliyewasifu kuku hao siku walipoletwa, akasahau kusema mashaallah, akadhaniwa kuwa ndiye aliyewatia jicho. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji kwenye bomba moja na kukopeshana chumvi wakaacha kutoleana salamu.

Siku moja baada ya alasiri mama alitujia, akatuambia: "Maalim, nisomeeni dua, au nichinjieni wote niwauze nyama nilipe deni." Sisi tukamsomea, tukamnasihi juu ya subira, naye akashukuru akaenda zake. Twakiri mbele yenu kwamba hapo ndipo tulipokosea. Kusoma hakukuwa kosa, wala subira si kosa. Kosa ni kwamba hatukumwuliza swali hata moja. Hatukuuliza kuku wana umri gani, wanakula nini, wanalala wapi.

Aliyetuzindua ni mama watoto wetu, aliyelelewa kisiwani katika nyumba isiyokosa kuku uani. Tulipomsimulia alisema maneno machache tu: "Kuku mmewasomea. Je, mmewatazama?" Tukanyamaza. Tulikumbuka yule mtu aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akafundishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tulikuwa tumemfundisha mjane kutegemea bila ya kumwonyesha kamba.

Asubuhi yake tulikwenda sote, tukifuatana na mtaalamu mmoja wa mifugo wa serikali ya kaunti aliyekubali kupitia kwetu. Haya ndiyo yaliyoonekana, na kila moja lina funzo lake.

La kwanza ni umri. Yule mtaalamu alimshika kila tembe akamtazama kichwani. Tembe aliyekaribia kutaga, undu wake hukua na kuwa mwekundu, na ndevu zake za nyama vilevile. Hawa undu zao zilikuwa ndogo, za rangi ya kufifia. Kisha akapima kwa vidole ile mifupa miwili ya nyonga iliyo chini ya mkia: kuku asiyetaga, baina ya mifupa hiyo haupiti ila ncha ya kidole kimoja, anayetaga, hupita vidole viwili au vitatu. Hawa kilipita kimoja kwa taabu. Akatwambia kuwa siku tuliponunua hawakuwa wa miezi mitano kabisa, bali wa mitatu au zaidi kidogo.

Ni vyema kila nyumba ijue hesabu hii. Kuku wa gredi, wale wa mayai tu, huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale waliozalishwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, kule Naivasha, huanza wapatapo miezi mitano au kuzidi kidogo wakitunzwa vizuri. Ama kuku wa kienyeji wa asili, yule wa bibi zetu, huenda akafika miezi sita, saba, hata minane, na hana ila yoyote. Kumlaumu tembe wa miezi minne kwa kutotaga ni kama kumlaumu mtoto wa chuo aliyeanza alifu kwa kutohitimu.

La pili lilitutia haya, na watoto likawachekesha sana. Mmoja katika wale tembe kumi alikuwa jogoo. Undu wake mkubwa ndio uliokuwa ukimpa mama matumaini kuliko wote, naye kila asubuhi alikuwa akimtazama huyo kwanza. Manyoya marefu yenye ncha ya kuchongoka shingoni na mkiani yalikuwa yameanza kumfichua. Na kwa kuwa swali hili huulizwa mara nyingi, tuseme hapa: kuku hahitaji jogoo ili atage. Jogoo huhitajika tu pale mtu atakapo yai la kuatamiwa lipate kutoa kifaranga.

La tatu ni chakula. Mama alikuwa akiwapa mabaki ya ugali, pumba za mahindi na majani ya sukuma wiki. Hiki hushibisha tumbo, lakini hakijengi yai. Tafadhalini mtafakari kazi anayoifanya kiumbe huyu. Kiini kikishakomaa na kuachwa, yai huchukua saa 24 hadi 26 kukamilika, na katika hizo, saa zipatazo 20 ni za kutiwa ganda. Ganda moja lina uzito wa gramu tano au sita, na karibu lote ni chokaa. Kuku asipoipata chokaa hiyo katika chakula chake, huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Mama aliyepata kubeba mimba hana haja ya kuelezwa zaidi.

Basi tembe anapokua hupewa chakula cha kukuzia, kile wauzaji wakiitacho growazi, na afikapo kukaribia kutaga, undu ukianza kuwa mwekundu, huhamishwa polepole kwenye chakula cha kuku wa mayai, chenye protini asilimia 16 au 17 na chokaa asilimia 3.5 hadi 4. Na hapa pana tahadhari kwa wenye haraka: kumpa tembe mchanga chakula cha mayai kabla ya wakati ili atage upesi ni kumdhuru, kwa sababu chokaa nyingi huharibu figo zake. Asiyemudu kununua kila siku aweza kuchanganya pumba na dagaa waliopondwa, ambao hapa Nairobi huitwa omena, na maganda ya kombe yaliyosagwa. Nyinyi wa pwani mna kombe ufuoni bila ya bei. Maganda ya mayai nayo hufaa, lakini yaoshwe, yakaangwe yakauke, kisha yapondwe hata yasitambulikane, kuku asije akajifunza kula mayai yake mwenyewe. Wala maji yasisahauliwe. Sehemu kubwa ya yai ni maji, na kuku aliyekosa maji safi kwa siku moja huweza kusimama kutaga siku kadhaa.

La nne ni mwanga. Kuku hutambua urefu wa mchana, na mwanga ndio unaouamsha mwili wake kuanza kutaga. Ulaya na Marekani kuku wengi husimama wakati wa baridi kwa sababu siku zao huwa fupi mno. Sisi, Mwenyezi Mungu ametuweka karibu na mstari wa ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, nao watosha tembe kuanza, ijapokuwa wafugaji wakubwa huongeza kwa taa hadi saa 14 au 16. Lakini mchana ulio mbinguni si lazima uwe umefika bandani. Kizimba cha mama huyu kilikuwa baina ya ukuta wa ghorofa na rundo la mbao, mahali ambapo adhuhuri hufanana na magharibi.

Watu wengine wakisikia habari ya mwanga, hukimbilia kuvuta waya wa umeme kutoka chumbani, au kuweka jiko la makaa kuwapasha kuku joto katika baridi ya Juni hadi Agosti. Twawasihi wasifanye hivyo. Usiku wa kuamkia 28 Juni 2018, moto uliwaka hapa Gikomba na watu 15 wakapoteza maisha, na huo haukuwa moto wa kwanza wala wa mwisho katika soko hili la mbao na nguo. Hakuna yai lenye thamani ya chumba cha mtu. Kihamisheni kizimba kiende penye jua la asubuhi, kizibwe upande wa upepo kwa gunia, na sakafu itandazwe maranda makavu. Yatosha.

La tano ni ugeni na hofu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa hakika kuku aliyehamishwa huwa na hiyo kamba hata ikiwa haionekani. Tembe aliyetolewa alikozoea, akasafirishwa kwa bodaboda kichwa chini, akatiwa mahali penye kelele na panya wanaopita usiku, mwili wake hujilinda kwanza. Mayai ni jambo la baadaye. Mpeni wiki kadhaa za utulivu. Mwekeeni kiota chenye giza kidogo, kisanduku cha upana wa sentimita 30 hivi chenye nyasi kavu. Kimoja chatosha kuku wanne au watano. Jiwe jeupe laini likiwekwa ndani humfundisha tembe kwamba hapa ndipo mahali pake. Na msisahau kutafuta kabla ya kulalama: tembe aachiwaye kutembea hupenda kuficha yai nyuma ya gunia la makaa au chini ya kitanda cha jirani, na panya wa mjini nao ni wezi wa mayai.

La sita ni maradhi. Chini ya mbawa za tembe wawili palikutwa chawa na utitiri wanyonyao damu, na wote hawakuwa wamepewa dawa ya minyoo. Kuku anayenyonywa ndani na nje hana ziada ya kuweka ndani ya yai. Wekeni beseni la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ili waoge vumbi, na kila mwenye kuku afanye bidii ya kuwachanja dhidi ya kideri, maradhi yawezayo kumaliza banda zima kwa siku chache. Mkitumia dawa yoyote, mwulizeni mwuzaji ni siku ngapi mayai yasiliwe baada yake, kwa kuwa tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho chema pamoja.

Hayo ndiyo ya kuku. Sasa twataka kusema ya watu, maana ndiyo yaliyotuumiza zaidi.

Muuzaji aliyetwambia miezi mitano akijua ni mitatu amefanya ghishi. Mtume alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake kuna umajimaji uliofichwa, alimkemea mwenye nafaka na kumtaka aweke juu kilicho na ila ili watu wakione. Umri wa tembe ni kama ule umajimaji. Nanyi mnunuzi msitosheke na kiapo: mtazameni undu, pimeni mifupa, ulizeni tarehe walipoanguliwa na chanjo walizopata.

Fedha za trei tatu nazo zina mafunzo. Kuuza mayai ya kuku maalumu ambayo bado hayajatagwa ni kuuza kisichojulikana kama kitakuwapo, na sharia imekataza biashara ya namna hiyo ili kuzuia ugomvi kama huu uliotokea. Tulimshauri mama azirudishe. Alikwisha kuzitumia kwa karo, kwa hivyo darsa ilimkopesha, bibi wa mahamri akarudishiwa zake, na wakakubaliana kuwa yai litalipwa siku litakapokabidhiwa.

Kuhusu jicho, hatulikanushi. Limethibiti katika mafundisho yetu. Lakini kumtuhumu Mwislamu kwa dhana tupu ni dhambi iliyo wazi, na mwenye kutafuta sababu katika macho ya jirani kabla ya kutazama kihori cha chakula amekimbilia lililo mbali akaacha lililo karibu. Na wale waliosema mayai yanauzwa kwa siri, tumewaomba wamwendee mama wamtake radhi. Wawili wamekwenda.

Jambo jingine dogo kwa wafugao mjini. Kuku aachiwaye kuzurura katika majaa na mitaro hula najisi. Wanavyuoni wamesema kuku wa namna hiyo afungiwe na alishwe chakula safi kwa muda, nao hutaja siku tatu kwa kuku, kabla ya kuliwa. Tena mpangaji aanze kwa kumtaka idhini mwenye nyumba. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, na haki ya jirani kutosumbuliwa na harufu wala kelele ni kongwe kuliko sheria hiyo.

Mwafaka wa habari ni huu. Kizimba kilihamishiwa juani, chakula kikabadilishwa, dawa zikatolewa. Yule jogoo alichinjwa, akapikwa kwa wali wa nazi, na ploti nzima ikaalikwa, ijapokuwa kila mmoja alipata kipande kidogo na mchuzi mwingi. Wale majirani wawili walikaa kwenye mkeka mmoja. Hatutawadanganya kuwa mambo yamerudi kama zamani. Lakini salamu imerudi, na salamu ni mlango. Wiki ya tano baada ya hapo, binti mdogo wa mama alikuja mbio hadi mlango wa msikiti akiwa ameficha kitu ndani ya mtandio. Lilikuwa yai, dogo kama ndimu, lenye alama ya damu kwenye ganda. Mayai ya kwanza huwa madogo, na huenda mengine yakawa bila kiini au yenye ganda laini, msiyashangae. Leo kuku saba katika wale tisa wanataga, na mama hupata mayai manne au matano kwa siku. Si utajiri, ila ni chai ya watoto na sehemu ya kodi.

Nasi tumejifunza la kwetu. Ajapo mtu na shida, tutasoma, kisha tutavaa viatu twende tukatazame. Subira yavuta heri, lakini subira ya asiyejua anangoja nini ni mateso tu. Kuku wa mkata hutaga kama kuku wa tajiri, akitimiza siku zake, akipewa haki yake, na akisalimika na ndimi za watu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu na riziki zenu, na atulinde na dhana mbaya. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.